Makaa Hayaozi

Asubuhi ya siku ya somo la kaboni, mwalimu Népomuscène alifungua gunia jipya la makaa, akachagua kipande kimoja kikavu, akakifunga kwa gazeti na kukitia mfukoni mwa koti. Mfuko wa pili ulikuwa na chupa ya jamu yenye maji ya chokaa, aliyoyachuja tangu jana yake kwa kitambaa cha chai. Kisha akapanda baiskeli akashika njia ya Buterere, kwenye shule yake, ambako mvua ilikuwa imeacha maji barabarani kama kawaida yake, na wanafunzi walikuwa wakivuka wamebeba viatu mikononi.

Alifundisha sayansi darasa la nane, katika shule ambayo alianza kazi wakati kuta zake zilikuwa bado nyeupe. Programu inataka somo liandikwe kwa Kifaransa, naye aliliandika kwa Kifaransa. Lakini kichwa cha mtoto hakifunguki kwa ufunguo wa jirani, kwa hiyo alilieleza kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu zaidi kwa Kirundi. Alichora ubaoni mti, ng'ombe, mtu, ziwa na bomba la moshi, akaviunganisha kwa mishale. Ng'ombe wake alifanana na meza. Wanafunzi walikaa wanne wanne kwenye benchi, na wote walimcheka yule ng'ombe, kama wenzao wa miaka iliyotangulia walivyomcheka.

"Kaboni haipotei," mwalimu alisema. "Inahama tu. Ile unatoa kwa pua leo, kesho iko ndani ya jani. Jani inakuwa muti. Muti inakatwa, inachomwa, inakuwa makala. Mama anawasha makala, kaboni inarudi kwa hewa. Ndiyo muzunguko."

Akaweka kile kipande cha makaa kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, akakiwasha kwa karatasi iliyochovywa mafuta ya taa. Orlane, msichana wa benchi la mbele ambaye alikuwa na mapafu mazuri kwa sababu ya kwaya, akapewa kazi ya kupuliza. Kaa likashika. Mwalimu akageukia ubao kuchora mshale wa mwisho, na mshale ulikuwa umefika katikati aliposikia benchi la mbele likilia kwa uzito. Akatazama nyuma. Kati ya Orlane na Prodige alikuwa amekaa Loïc.

Loïc alikuwa mwanawe. Asubuhi moja, miaka kumi na kidogo iliyopita, akiwa ameanza chuo kikuu, alitoka kwenda kununua muda wa simu na hakurudi. Watu wa barabarani walisema gari lilisimama. Hawakusema gari gani. Muuza muda wa simu alileta kiatu kimoja, cha kushoto, akakiweka mlangoni akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu hapo hakuja mtu kumwambia Népomuscène kwamba mwanawe ni mzima, wala kwamba amekufa.

Sasa alikuwa pale na shati lake la mistari na kiatu kimoja, cha kulia. Hakuwa ameongeza hata siku. Orlane alipopuliza kwa nguvu alionekana vizuri, na Orlane alipopumzika mistari ya shati ilififia.

"Mwalimu, hii benchi ni ya watu wane," alisema Mélissa, aliyekuwa amebaki na nusu ya tako nje.

"Sogeeni."

Wakasogea. Prodige akamwazima mgeni kalamu na karatasi, na mgeni akaanza kunakili ng'ombe.

Népomuscène aliumaliza mshale wake, kwa kuwa mshale ulioachwa katikati huwachanganya watoto. Alifurahi hata akaiogopa furaha yake mwenyewe, akasimama akimtazama mwanawe na chaki ikimvunjikia vidoleni.

"Mwalimu," Orlane aliuliza katikati ya pumzi mbili, "huyu ametoka wapi?"

"Kwa makala."

"Na kwa makala aliingia namna gani?"

Lilikuwa swali zuri, na yeye alikuwa na desturi ya kutoliacha swali zuri bila jibu. "Muti haikuli kaboni kwa mizizi," alisema. "Inaivuta kwa majani. Kitu kikiozea chini yake, kinatoa hewa. Ile hewa inapanda. Jani ya karibu inaichukua, na inaiweka ndani ya mbao."

Aliposikia alichokisema akaiweka chaki chini. Mwaka hadi mwaka alikuwa amelifundisha somo lile kwa sauti ile ile, akiwa na haraka ya kufika kwenye mazoezi. Hivyo ndivyo alivyopata habari ya kifo cha mwanawe: kwa mdomo wake mwenyewe, saa nne asubuhi, mbele ya darasa la nane.

Alishika ukingo wa meza. Baadaye akaifungua chupa ya maji ya chokaa, akaiinamisha juu ya kaa ikaukinga moshi, akaifunga na kuitikisa, na maji yakawa meupe kama inavyotakiwa. Kaa lilipokwisha Loïc alipungua, kwanza miguu, halafu mabega, akatoka kwa dirisha lisilo na kioo upande wa mashamba ya mpunga. Kalamu ya Prodige ilibaki juu ya benchi. Wanafunzi wakaandika katika madaftari yao kwamba maji ya chokaa yamebadilika rangi, kwa hiyo hewa ya kaboni ipo.

Mchana mwalimu alirudi mtaa wa Jabe, alikopanga vyumba viwili katika ua mmoja na Nsimire. Nsimire alikuwa mama wa Bukavu, mcheshi, mwenye mikono myeusi hadi viwiko, aliyeuza makaa sokoni na kuyalaza magunia yake uani. Mke wa mwalimu, Ernestine, alikuwa amefariki kwa maradhi Loïc akiwa bado mdogo, na tangu wakati huo Népomuscène alijipikia. Mwanamume anayejipikia haombi chumvi kwa mtu, lakini hakosi wa kumcheka.

"Mwalimu, utaoa lini?" Nsimire alimuuliza kila alipomkuta akichambua maharage.

"Harage ikishaiva," alijibu, na jibu hilo halikuwahi kubadilika.

Siku hiyo aliweka mbabula mlangoni, akaijaza makaa ya lile gunia jipya alilonunua kwa Nsimire, akatenga sufuria ya maharage juu yake. Moto uliposhika, Loïc alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, amenyoosha mikono mbele.

"Baba."

"Karibu, mwanangu."

"Bado unawekaka chumvi mwanzo. Ndiyo maana inachelewa kuiva."

"Mi nimezoea."

Népomuscène akaingia ndani, akatoa uvunguni kiatu cha kushoto. Alikuwa akikipaka dawa ya viatu kila Jumapili, bila kumwambia mtu. Loïc akakivaa, akafunga kamba, akakanyaga kanyaga chini. Kilimtosha. Wakakaa wakitazama sufuria kama walivyozoea zamani, na baba akawa anatafuta neno la kwanza katika maneno yote aliyokuwa amemwekea.

"Uko wapi?" akauliza mwishowe.

"Jina ya pahali siijui. Ni kilima. Kuna mikaratusi, imepandwa kwa mistari. Baridi mingi."

"Uko peke yako?"

Loïc alifikiri. "Apana," akasema. "Tuko wengi."

Kuhusu gari hakusema kitu. Kila alipoulizwa alitazama moto, na moshi ukamzidi usoni, mpaka baba yake akaacha kuuliza. Maharage yalipoiva na makaa kuwa majivu, kiatu kilibaki peke yake kando ya kigoda, kamba zimefungwa. Népomuscène alikirudisha uvunguni, akala, akaosha sahani moja.

Nsimire alimwona kijana siku ya pili, alipokuwa akipita na ndoo. Alisimama, akamtazama mmoja halafu mwingine.

"Huyu ni mutoto wako?"

"Ni wangu."

"Mnafanana pua." Akatua ndoo. "Gunia za safari ile zote ziko hivi. Kwa Houda, pale kona, kuna dada mumoja anakaa tu na anasuka nywele yake, haishi kusuka. Wateja wanalalamika."

"Wanalalamika nini?"

"Moshi. Wanasema makala haikukauka muzuri."

Kabla ya gunia lile, Népomuscène alikuwa na redio. Aliibishia taarifa ya habari, akaisahihisha Kifaransa chake, akaiaga kabla ya kuizima. Sasa redio ilikaa na vumbi. Alikimbiza baiskeli kutoka Buterere bila kusimama kusalimia watu, akawasha moto, na mwanawe akaja. Walizungumza habari za kawaida: nani alihama, nani alioa, daraja gani lilichukuliwa na maji, kwa nini mchezo wa mpira siku hizi hauna ladha. Alikuwa mwenye raha saa ile moja, na saa zilizobaki alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa kabla, kwa sababu sasa alijua kigoda kitupu kinafananaje.

Maharage hula makaa mengi. Alipoona gunia limelegea shingo, akaacha kupika, akawa anakula mkate na parachichi. Lakini moto aliendelea kuuwasha, bila sufuria, kipande kimoja kwa siku. Halafu vikawa viwili, kwa sababu kimoja hakikutosha kumaliza hadithi. Alijua anachokifanya. Hakuna mtu katika Jabe nzima aliyejua vizuri kumzidi yeye. Kumwona mwanawe ilikuwa ni kumchoma, na kila alichokichoma kilipanda hewani na kwenda kwa jani lisilojulikana. Alijua, na akawasha.

Dada yake Léoncie alikuja Jumapili moja kutoka Kibenga, ambako ziwa lilikuwa limeingia tena hadi ukuta wa chini wa nyumba yake na viatu vya familia vilikuwa vikikaa juu ya kabati. Alimkuta Loïc kwenye kigoda, akampa mkono.

"Amahoro, mwanangu. Umekonda."

"Amahoro, shangazi."

Léoncie akavuta kiti. Shida yake haikuwa mpya. Kwao, nyumba yenye kifo haifanyi harusi mpaka matanga yaondolewe, sherehe ambayo wenyewe huiita kuganduka. Ndugu hukutana, pombe hutengwa, mkubwa wa ukoo hutamka kwamba kilio kimekwisha, na watu huwa huru tena kuoa, kucheza ngoma na kucheka kwa sauti. Lakini matanga huondolewa baada ya kuzika. Ukoo ulitaka zamani kuzika sanduku tupu, Népomuscène akakataa, akisema hatazika mtu ambaye hakuna aliyemwambia amekufa. Mambo yakasimama hapo hapo. Lisette, binti wa Léoncie, alikuwa amechumbiwa muda mrefu hata mchumba alianza kuota kitambi.

"Kaka," Léoncie alisema, "sasa umemuona na macho yako. Amekufa. Tuzike hata hii majivu, tuganduke. Lisette anangoja."

"Majivu si yeye. Majivu ni chumvi ya muti tu. Yeye anapita kwa hewa."

"Basi tuzike nini?"

Loïc aliwatazama kwa zamu, kwa adabu, kama vijana wanavyofanya wakubwa wanapojadili mambo yao. Kisha akafifia, na shangazi yake akafunga vizuri kitenge akaondoka kabla barabara ya Kibenga haijajaa maji.

Jumamosi iliyofuata Népomuscène alipanda lori la Huseni, dereva aliyemletea Nsimire makaa, apelekwe yalikotoka. Huseni alikuwa mtu wa maneno mengi mpaka walipoanza kupanda vilima, na hapo maneno yakamwishia. Alisimamisha lori mbele ya waya wa miba, akapandisha vioo, akasema hewa ya pale humletea kikohozi.

Nyuma ya waya kulikuwa na mikaratusi minene, katika mistari iliyonyooka. Nusu ilikuwa imeshakatwa, na kati ya visiki tanuri za udongo zilikuwa zikifuka. Mlinzi alitoka kwenye kibanda na koti la mvua.

"Imekua haraka, hii miti," Népomuscène alisema.

"Udongo ya hapa ni nzuri, muzee. Hatukutia hata mbolea."

"Nani mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mukubwa. Hafikaka huku."

"Nataka kuchimba kidogo. Pale, kwa visiki."

Mlinzi hakukasirika. Alitazama viatu vya mwalimu, vilivyopakwa dawa. "Kuchimba inaomba karatasi," akasema. "Makala haiombi. Ukitaka gunia, nitakuchagulia."

Népomuscène alisimama kwenye waya muda mrefu. Hapakuwa na msalaba wala jiwe wala alama yoyote, na upepo ulipita majanini kama unavyopita katika msitu wowote. Hasira ilimpanda, kisha ikakosa mtu wa kumshika. Akavuta pumzi akaitoa polepole, akavuta tena akaitoa, kwa kuwa alijua majani ya karibu yangeichukua. Alifanya hivyo mpaka Huseni alipopiga honi.

Ofisini, mjini, alikokwenda kuomba karatasi ya kuchimba, walimpokea kwa heshima wakampa kiti. Kibali cha kuchimba hupewa mtu mwenye cheti cha kifo. Cheti cha kifo hutolewa maiti ikionekana. Maiti huonekana watu wakichimba. Karani alimweleza bila ubaya, polepole, kama anayemsomea mgonjwa dawa. Népomuscène alielewa upesi, kwa sababu ulikuwa mzunguko uliokamilika, na angeweza kuuchora ubaoni kwa mishale mitatu.

"Mutoto wangu anakaaka kwangu kila mchana," alisema. "Mnaweza kuja kumuuliza yeye mwenyewe."

"Ana kitambulisho?" karani akauliza.

"Kilikuwa mfukoni siku ile."

"Ndiyo hapo sasa, muzee," karani alisema kwa huruma ya kweli, akasimama kumfungulia mlango.

Kabla ya mtihani, darasa la nane liliomba somo la kaboni lirudiwe. Walikuwa wamelielewa, ila walitaka kumwona tena yule kaka wa benchi la mbele. Népomuscène alichukua kipande kingine. Bahati mbaya siku hiyo hiyo alikuja mkaguzi, akakaa nyuma na kalamu mbili. Kaa likashika, Loïc akakaa, wenzake wakasogea. Mkaguzi alimtazama, akaandika, akanyanyua mkono.

"Yule wa shati la mistari hana sare. Tena ana kiatu kimoja. Ameandikishwa?"

"Bado," alisema mwalimu.

"Na umri umempita."

"Ndiyo, umempita."

Mkaguzi akaandika tena. Loïc aliinamisha kichwa kama mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa ada. Orlane, ambaye hakumpenda mkaguzi, aliacha kupuliza ili kuuliza swali.

"Mwalimu, hakuna kaboni inayotoka kwa muzunguko? Yenye kukaa tu pahali pake?"

"Iko," Népomuscène alijibu bila kufikiri, kama anavyojibu mtu aliyesoma kitu zamani na kukiacha kabatini. "Hii hii makala. Usipoiwasha, ukaizika kwa udongo, haiozi. Wadudu hawaikuli. Inaweza kukaa miaka elfu, pale pale."

Kisha akageukia ubao kwa haraka, akauacha uso wake huko. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba makaa hayaozi. Mkaguzi alisema hilo halimo katika programu ya darasa la nane, akaomba lifutwe. Népomuscène akalifuta. Watoto walikuwa wameshanakili.

Alipofika nyumbani aliingiza mkono ndani ya gunia, akagusa chini. Alitoa vipande viwili. Kidogo alikiwasha.

"Kimebaki kimoja," alimwambia Loïc.

"Kikubwa?"

"Kama ngumi."

Loïc alikuwa amevaa viatu vyote viwili, ameviweka sambamba. "Ukiwasha nitakuja," akasema.

"Najua."

"Halafu nitatoka kwa hewa. Sitajua naenda kwa jani ya nani."

Uani Nsimire alikuwa akiwagombeza wateja. Népomuscène alitaka kukiwasha. Alikitaka kile kipande kuliko alivyowahi kutaka kitu, alitaka nusu saa nyingine, hata robo, hata mwanawe asiseme neno.

"We unataka nini, Baba?"

"Mi nataka ulale kwa mama yako," alisema.

"Basi usiwashe."

Loïc akainama, akafungua kamba, akavua kiatu cha kushoto mwenyewe kabla moto haujafa. Akakisogeza mbele ya baba yake, kisigino kikimwelekea, kama mtu anavyompa mwenzake kisu kwa mpini. Halafu makaa yakawa majivu.

Kipande kama ngumi kilizikwa kwenye kilima cha kwao Népomuscène, kando ya kaburi la Ernestine, katika ardhi ya ukoo ambayo haiombi karatasi. Walikitia ndani ya kiatu, na kiatu ndani ya sanduku la chaki aliloomba shuleni. Mchungaji alisema kwamba mavumbi yatarudi mavumbini. Mwalimu alikuwa na la kusahihisha hapo, ila alimwachia mchungaji somo lake. Watu wote wa ukoo walikuja, hata waliokuwa hawasemezani, na hakuna aliyeuliza kwa nini sanduku ni dogo.

Ulipotimia muda unaotakiwa na desturi, matanga yakaondolewa. Pombe ya ndizi ilitengwa, mirija ikazunguka, mkubwa wa ukoo akatamka kwamba kilio kimekwisha. Léoncie alilia kwanza, akacheka baadaye. Lisette aliolewa kabla ya mvua, na kitambi cha bwana harusi kiliingia katika suti kwa msaada wa watu wawili. Népomuscène alicheza ngoma kidogo. Alipeleka maombi mengine mawili ofisini, akajibiwa vizuri mara zote mbili, kwa maneno yale yale.

Darasa la nane lilikuwa jipya sasa. Alichora mti, ng'ombe, mtu, ziwa na bomba la moshi, na watoto wakamcheka ng'ombe. Alitumia makaa ya upande mwingine, yaliyotoka kwa mti uliokufa kwa uzee wake, na hakuna aliyetokea isipokuwa hewa yenyewe. Orlane alikuwa amekwenda darasa la tisa. Siku moja alimsimamisha mwalimu katika uwanja wa shule kumuuliza kama yule kaka ameandikishwa sasa.

"Ametulia," mwalimu akamwambia.

Nyumbani aliwasha redio. Kigoda alikitundika ukutani kwa msumari, ili asikione kimesimama mlangoni. Maharage yalichelewa kuiva, kwa kuwa bado alitia chumvi mwanzo, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mara nyingine alitenga sahani mbili, akairudisha moja. Mwanawe alikuwa amelala mahali pake, kama alivyotaka. Hilo lilimfariji asubuhi, lakini mchana halikumfariji hata kidogo.

Lori la Huseni lilirudi Jabe siku ya soko, limejaa hadi juu, kwa sababu nusu ya pili ya msitu ilikuwa imekatwa. Nsimire alishusha magunia, akafungua moja kuonyesha wateja, akachota kidogo kwa moto wake mwenyewe. Népomuscène alikuwa ndani akisahihisha madaftari aliposikia akiitwa.

"Mwalimu! Kuja uone. Huyu ni wako?"

Akatoka. Kando ya mbabula ya Nsimire alikuwa amesimama kijana mnene kidogo, mwenye ovaroli ya fundi wa magari. Mikono yake aliishika pamoja mbele, kifundo juu ya kifundo, ingawa hakikuwapo kitu kilichoifunga. Alikuwa akitazama huku na huku akitafuta pa kukaa, na watu wa ua walimzunguka kwa ndoo zao wakiendelea na kazi.

"Apana," Népomuscène alisema. "Si wangu."

Akarudi ndani, akakitungua kigoda msumarini, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akakileta. Kijana akakaa. Alinusa maharage ya Nsimire, na uso ukamlegea.

"Karibu," alisema mwalimu, akachuchumaa mbele yake. "Kwenu ni wapi?"

Kijana alikunja uso. Ilionekana hakuna aliyemuuliza hilo siku nyingi. Alianza na jina la baba yake, akalipata. Akaanza na jina la kilima chao, likamponyoka, akalirudia tena kutoka mwanzo. Sauti yake ilikuwa ikipungua. Maharage ya Nsimire yalikuwa yameiva, na mwenyewe alikuwa ameshashika kikombe cha maji ili azime moto, kama wafanyavyo watu wote wa Jabe wasiotaka makaa yateketee bure.

"Ngoja kidogo, mama," Népomuscène akamwambia.

Akatia mkono katika gunia lililo wazi, akachukua kipande kimoja akakiweka juu ya moto, akakipuliza, ili kijana apate muda wa kumaliza.